Kitako Kilichopinda

Ruiru,
6 Machi 1951

Kwa Fundi Mbuvi, Thika.

Salamu nyingi sana. Mimi mzima, mke wangu Harbans mzima, mashine yangu ya kusaga unga nzima isipokuwa mkanda mmoja, na mdogo wako Urbanus ni mzima kiasi kwamba leo asubuhi amemaliza chapati zote. Kama wewe pia ni mzima, weka randa chini, ukae, usome.

Bunduki yangu imekufa. Tulikuwa tunafuata mbogo kando ya shamba la kahawa, upande wa mto, nikatumbukia mtaroni na kitako cha mbao kikapasuka kutoka kwenye kifyatulio mpaka nyuma. Nimejaribu kukifunga kwa waya, haifai. Usicheke. Mtaro wenyewe ulikuwa umejificha kwenye majani.

Sasa nina mambo mawili na kichwa kimoja. Duka moja la Nairobi limeleta bunduki mpya za kiwandani kutoka Uingereza, zinang'aa, hakuna aliyezigusa, unaondoka na yako siku hiyohiyo. Njia ya pili ni wewe. Ule mtutu wa Kijerumani nilionunua baada ya vita bado umelala kabatini pamoja na komeo lake, chuma safi, nimeupaka mafuta kila mwezi. Ukinichongea kitako utakuwa umeniundia bunduki ambayo ni yangu mimi, si ya kila mtu. Jana nilisema kiwanda. Leo nasema Mbuvi, ndiyo maana unapata barua. Kesho sijui.

Nijibu haraka. Mbogo wa Kilimambogo wameshuka tena kufuata mto, na wiki iliyopita mmoja alimpiga pembe Wakonyo, yule mama anayepalilia kahawa. Amevunjika paja. Watu wa shamba wanakuja mlangoni kwangu kila asubuhi kuniuliza, "Singh, unaenda lini?" Zamani hawakuniuliza hivyo, kwa sababu walikuta nimeshaenda.

Nishauri kama rafiki, si kama mtu anayetaka kumaliza mbao zake.

Ni mimi,
Gurdial Singh


Thika,
10 Machi 1951

Kwa Bwana Gurdial Singh,

Salamu zimefika. Sisi huku hatujambo. Bwana Pradip, mwenye duka na mwenye leseni ya silaha ninayofanya kazi chini yake, anakusalimu. Yeye anasema ununue ya kiwandani, kwa sababu mimi nikianza kuchonga kitako huwasahau wateja wengine wote.

Umeniomba ushauri, basi nakupa. Bunduki ya kiwandani ni kama kiatu cha dukani. Wamempima mtu fulani ambaye hayupo, mkono wa kadiri, shingo ya kadiri, wakamtengenezea yeye, na sisi wengine tunajikunja ili tumfuate. Si mbaya. Kule karakana ya jeshi tulizitengeneza mimi na wewe mpaka tukazichoka. Ubaya wake ni kwamba mbogo akitoka kichakani hakupi nafasi ya kujikunja. Iliyochongwa kwa mwili wako hupanda begani yenyewe, na jicho likajikuta mahali pake. Baba yangu alikuwa fundi wa pinde. Mtu akija kuagiza upinde, kwanza aliambiwa avute mkono mtupu, baba akamtazama, ndipo akaenda porini kutafuta mti. Mimi pia ndivyo nilivyofundishwa. Kwa hiyo nasema tuunde. Ninao ubao wa mukau kutoka Kitui, umekauka miaka chini ya kitanda, mke wangu ameuchukia kabisa.

Ila ni lazima uje Thika nikutazame ukiinua. Gari moshi lipo.

Na nikuulize jambo, usikasirike. Mtaro ule naujua. Uliuchimba wewe mwenyewe na Urbanus mwaka ule wa mvua kubwa. Sasa uliutumbukiaje? Nauliza kwa sababu ukienda porini, mdogo wangu ndiye anayetembea mbele yako kusoma nyayo, kati ya bunduki na mbogo. Nikiifikiria bunduki yako, namfikiria yeye kwanza. Unisamehe kwa hilo.

Mbuvi Mutisya


Ruiru,
15 Machi 1951

Fundi,

Swali lako la mtaro sikuliona. Labda lilidondoka njiani.

Haya, tengeneza. Lakini kuja Thika siwezi, mashine haina wa kuiangalia. Bwana Pradip atapita hapa Ijumaa, atauchukua mtutu na komeo mwenyewe ili mambo ya leseni yawe sawa. Vipimo vya mkono nimempa kwa kamba yenye mafundo.

Sasa sikiliza vizuri, na usome mara mbili. Kitako kikae bega la kulia kama siku zote. Lakini nataka kipinde, tena kipinde sana, ili nikikiweka bega la kulia, mtutu uje mbele ya jicho la kushoto. Ndiyo, la kushoto. Sikukosea kuandika. Ni mtindo mpya wa Ulaya, nimeuona gazetini.

Usimwambie Urbanus. Na Harbans akikuuliza lolote, wewe hujui kitu.

Wala usiniandikie kwamba huelewi. Mbona mimi siulizi kwa nini unalalia mbao?

Gurdial


Thika,
20 Machi 1951

Kwa Bwana Gurdial,

Nimesoma mara mbili kama ulivyoniagiza, nikaongeza ya tatu kwa hiari yangu. Sielewi.

Tangu nikujue unafumba jicho la kushoto na kulenga kwa la kulia. Kule jeshini ulikuwa unawacheka waliofanya vingine. Bwana Pradip husoma magazeti yote ya bunduki yanayofika Thika, na huo mtindo wa Ulaya hajauona. Leo nimeketi na ubao magotini tangu chakula cha mchana, msumeno mkononi, na sijakata hata unyoya. Nitakataje mti wa mtu nisiyemjua?

Maana mtu ninayemjua mwenye jicho la kushoto ni mmoja. Ni Urbanus. Tangu utoto anarusha jiwe kwa mkono wa kushoto. Mama yetu aliufunga mkono huo kwa kanga mpaka akachoka, Urbanus hakubadilika. Bega la kulia mtu hufundishwa, jicho halifundishiki.

Basi niambie wazi. Kama unataka awe anapiga mbogo badala yako, niambie. Kwenye karatasi zako yeye ni mbeba mizigo. Hana leseni, na Mkamba mbeba mizigo hapewi leseni ya bunduki hata alie. Akikutwa nayo mkononi, wewe watakukaripia, yeye watamfunga. Unajua sheria inamuuma nani kati yetu, hatuhitaji kudanganyana.

Bunduki hii si yako. Ni ya nani?

Mbuvi


Ruiru,
24 Machi 1951

Mbuvi,

Umeniita mwongo kwa adabu nyingi. Bora ungenitukana.

Urbanus hajawahi kushika bunduki yangu bila mimi kusimama pale, hata ya kuipangusa. Naona miaka yote hii ulikuwa unanifikiria mtu wa namna hiyo, ila ulikuwa hujapata nafasi ya kusema. Bunduki ni yangu. Kwa nini nataka ipinde ni juu yangu.

Acha basi. Jumatatu naenda Nairobi kuchukua ya kiwandani. Ya kiwandani haina mdomo. Mpe Pradip chuma changu, na ubao wako urudi kitandani.

Gurdial Singh


Ruiru,
5 Aprili 1951

Kwa shemeji Mbuvi,

Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Ni mimi Harbans, mke wa Gurdial. Hajui kwamba nakuandikia, na ukimwambia nitajua ni wewe.

Nilikuwa nafua koti lake nikakuta barua yako mfukoni. Nimezaliwa Nakuru, Kiswahili nasoma vizuri kuliko yeye. Umeandika, "Bunduki hii si yako. Ni ya nani?" Shemeji, mimi nakuuliza swali hilohilo. Ni ya nani?

Usinijibu kwamba ni ya Urbanus. Urbanus nampikia kila siku, najua siri zake zote na hana hata moja. Mimi namjua mtu mwingine wa mkono wa kushoto. Ni yule memsahib mjane wa shamba la kahawa. Nimemwona kwa macho yangu akitia sahihi kwa mkono wa kushoto alipochukua unga. Anapenda bunduki, anapenda farasi, na mume wangu amekuwa akienda huko kila wiki eti kuangalia nyayo za mbogo.

Utasema nina wivu wa bure. Basi nieleze haya. Jumamosi nilikutana na mume wangu sokoni hapa Ruiru. Nilikuwa nimevaa shali yangu ya manjano, nimesimama pale kwenye vitunguu, na alinipita hivi, karibu sana, uso umekazwa mbele. Hakunisalimu. Nilimwita, akageuka akaanza kucheka na kusema alikuwa na mawazo. Mawazo gani ya kumpita mke wako kama mlingoti? Nyumbani hanitazami tena usoni. Nikimwonyesha kitu anasema ndiyo, ndiyo, kizuri, kabla sijamaliza kukitoa mfukoni.

Na hiyo bunduki mpya ameileta. Jumapili yote aliweka debe nyuma ya mashine akawa anapiga. Shemeji, debe liko zima mpaka leo, halina hata kovu. Migomba yangu ndiyo imekufa. Anasema bunduki ni mbovu, kiwanda kimemwibia. Je, inawezekana? Bunduki mpya inaweza kupiga upande? Au ni mtu ambaye moyo wake uko kwingine?

Sijalia, usidhani nimelia. Nimekasirika tu, na sijui nimkasirikie nani.

Harbans Kaur


Thika,
9 Aprili 1951

Kwa Mama Harbans,

Barua yako nimeipata na nimeichoma, kama ambavyo ungetaka.

Mimi sijui memsahib yeyote. Nakuapia kwa watoto wangu. Lakini pia siwezi kukuambia bunduki ni ya nani, kwa sababu mimi mwenyewe nimepotea. Mimi nilifikiri ni ya mdogo wangu, wewe unafikiri ni ya mjane, na yeye anasema ni yake. Hatuwezi kuwa sahihi wote watatu, ila naona tunaweza kuwa wajinga wote watatu.

Bunduki mpya haipigi migomba yenyewe. Hilo tu ndilo ninaloweza kulisema. Nimemwandikia Urbanus leo. Nipe muda, na usimwambie mzee maneno ambayo hutaweza kuyarudisha.

Mbuvi


Ruiru,
14 Aprili 1951

Kaka,

Umenikemea barua nzima kwa bunduki ambayo sijaiona! Mimi na jela wapi na wapi. Mzee hajanipa bunduki wala hajaniahidi. Mwambie mwaitu, mama yetu, atulie, mwanawe anabeba mfuko wa risasi na chupa ya chai tu, kama siku zote.

Lakini kwa kuwa umeuliza, nitakuambia, na ukimwambia mtu tumekosana. Mzee haoni, kaka. Jicho la kulia limekwisha. Tangu mavuno ya mwaka jana nilijua. Tawi likiwa upande wa kulia linampiga usoni na hajui limetoka wapi. Ule mtaro nilimwona akiuendea nikadhani anataka kuuruka. Tangu hapo natembea kulia kwake, nikiona shimo nalitukana kwa sauti, "Shimo hili limekaa vibaya!" naye anapita pembeni. Hajawahi kuniuliza kwa nini nimekuwa mtu wa kutukana mashimo. Nadhani anajua kwamba najua. Hatujasema.

Jumatano tulitoka na hii bunduki mpya. Alinituma mbele nikaangalie pale mto unapopinda. Sikuona kitu, nikarudi kupitia kichakani, nimevaa koti langu lile la jeshi. Nilipotokeza nilimkuta ameinua bunduki, ananilenga. Si kuelekea upande wangu, kaka, ananilenga mimi. Niliona tundu la mtutu, duara kabisa. Nikaita, "Mzee, ni Urbanus!" Akateremsha. Akasema alikuwa anajaribu tu shabaha ya bunduki mpya. Halafu akaketi chini kwenye matope na hakuinuka kwa muda mrefu. Nilimpa chai.

Utaniambia niache kazi. Siachi. Nikiacha atakwenda peke yake, kwa sababu watu wa shamba hawaachi kuja mlangoni, na yeye hawezi kuwaambia hapana. Unamjua.

Jicho la kushoto bado linaona, nadhani. Kwa hiyo kama anataka bunduki ya kupinda, mpindishie, tafadhali. Afadhali hiyo kuliko hii ya kiwandani inayomlazimisha kutazama kwa jicho lililokufa. Mvua imeanza, mto umejaa na mbogo wamebaki ng'ambo. Tuna nafasi mpaka maji yapungue.

Mdogo wako,
Urbanus


Thika,
12 Mei 1951

Kwa Bwana Gurdial,

Chuma chako sikukirudisha. Uliniagiza nikirudishe, sikukirudisha. Nilipojua kwa nini unataka kitako kipinde niliona aibu kwa yale niliyokuandikia, nikautoa ubao chini ya kitanda na kuanza kazi. Usiulize nani aliniambia. Anakupenda, hilo linatosha.

Nimeimaliza. Sikupata kukutazama ukiinua, basi nilifumba macho nikakukumbuka ulivyokuwa unasimama kule karakana, tumbo mbele na shingo nyuma, nikachonga kwa kumbukumbu hiyo. Mukau ulikubali. Umepinda kama mkono wa mtu anayemkumbatia mwenzake, na hakuna mahali ulipopasuka. Niliijaribu mwenyewe nikiwa na Bwana Pradip: unaweka bega la kulia, unafungua jicho la kushoto, na ncha ya mtutu iko pale inakusubiri. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii na sitafanya tena. Bwana Pradip ameishika mpaka akasahau kufungua duka.

Sasa nakuambia neno ambalo limenikosesha raha juma zima. Sikupi.

Bwana Pradip alipopita kwako Jumanne kukuambia bunduki iko tayari, ulimkaribisha chai. Alisimulia kwa kucheka, yeye hana ubaya. Alisema uliimimina juu ya meza, kando ya kikombe, mpaka ikamfikia magotini, ukasema kikombe kimesogea. Kikombe kilikuwa mbele yako, Bwana Gurdial, upande wa kushoto. Yeye alicheka. Mimi nilitoka nje nikasimama uani.

Nilipochonga nilikuwa nachonga kwa ajili ya jicho moja zima. Sasa sijui nimechonga kwa ajili ya nini. Nikikupa bunduki mbaya, utaiogopa na kukaa nyumbani. Nikikupa hii, itapanda begani vizuri, utajiamini, utakwenda mtoni, na mbele yako atakuwa Urbanus na lile koti lake. Ubora wake ndio unaonitisha. Fundi gani huogopa kazi yake kwa sababu ni nzuri?

Labda nakosea. Jana asubuhi niliifunga kwenye gunia nikuletee, nikafika stesheni, nikarudi. Nenda ukamwambie Mama Harbans ukweli. Yeye anafikiri mambo mabaya zaidi kuliko upofu, na wewe ndiye uliyemwacha ayafikiri.

Nikasirikie, lakini uendelee kuniandikia.

Mbuvi


Ruiru,
19 Mei 1951

Kwa Fundi Mbuvi,

Mkono huu ni wa Harbans, maneno ni yangu. Amekasirika kwamba nimemwita aache chapati kwenye moto. Nimemwambia aandike kila ninalosema, hata likimshangaza, na asiulize mpaka mwisho. Amesema atajaribu.

Barua yako alinisomea Urbanus, nyuma ya mashine, ikiwa inanguruma ili mtu asisikie. Alipofika kwenye jina lake alisoma polepole sana. Baadaye akasema, "Mzee, mimi sitakwenda tena mtoni, na wewe huendi." Ni mara ya kwanza kunipa amri tangu tujuane. Nilikuwa nimejiandaa kumfukuza mtu yeyote atakayesema hivyo. Sikumfukuza.

Haya, Harbans, andika. Jicho la kulia sioni nalo kitu, tangu mwaka jana. La kushoto nalo limefifia, naona mwanga, na watu kama nguo zilizoanikwa. Asubuhi ni afadhali kidogo. Ndiyo maana nilitaka kitako kipinde, na ndiyo maana debe lako ni zima.

Hapa shemeji ni mimi Harbans. Nimeacha kalamu, nimekwenda kutoa chapati, zimeungua. Nimerudi. Anasema niendelee.

Andika kwamba siku ile sokoni sikumpita mke wangu kwa dharau. Sikumwona. Niliona kitu cha manjano nikadhani ni ndizi. Andika kwamba sikumwambia kwa sababu baba yake alipofuka hapa nyumbani kwetu, na yeye alimwosha, akamlisha, akamwongoza mpaka chooni miaka yote ile, na siku tuliyouchoma mwili wake, kama ilivyo desturi yetu, alisema amechoka mpaka mifupani. Nilisikia. Nikaona nikimwambia namrudisha kule. Afadhali anifikirie mwongo.

Andika pia jambo hili. Mbuvi, mdogo wako nilimlenga kweli. Sikuwa najaribu shabaha. Niliona kitu kikubwa cha rangi ya udongo kikitoka kichakani, nikasema ni yeye, yule mbogo wa Wakonyo, na kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta alipoita. Angekuwa na mafua siku hiyo, sauti isitoke, ningekuwa nimekuletea maiti. Nimempa Urbanus nafasi ya kunitukana, ametukana shimo. Wewe ukitaka kunitukana, tukana mimi mwenyewe.

Bunduki ya kiwandani ataichukua Bwana Pradip aiuze. Watu wa shamba nimewaambia leo asubuhi, mlangoni, kwamba siendi tena. Sikuwaambia kwa nini, nao hawakuuliza. Afisa wa wanyamapori atatuma askari wake. Nilidhani nitaanguka nikiyasema. Niliyasema, nikaenda kuwasha mashine. Hayo tu. Ile yako sijui tuifanyeje. Sijui kabisa, fundi. Tangu Machi najiuliza niunde au ninunue, na swali lenyewe halikuwa hilo.

Gurdial Singh

Shemeji, sasa amemaliza na mimi ndiye ninayeandika kwa maneno yangu. Sijui kama nimekasirika au nimefurahi. Mwezi mzima nimemchukia mjane wa watu ambaye hajanikosea kitu, na sasa naona afadhali angekuwa mjane. Nimemwambia mume wangu kwamba ni mjinga. Nimemwambia kwamba baba sikumchoka yeye, nilichoka kumficha watu. Ameshika kona ya meza.

Alhamisi tunakuja Thika kwa gari moshi la asubuhi, mimi na yeye na Urbanus, kisha tutakwenda kutafuta daktari wa macho. Ile bunduki usiivunje wala usiifiche. Mpe aishike. Mwache aipandishe begani na kuishusha kadiri atakavyo, wala msiseme kitu, hata Bwana Pradip asiseme kitu. Akimaliza, mimi ndiye nitakayeitoa mkononi mwake.

Harbans